Vishikwambi Kati ya Rafu: Jinsi ya Kuunganisha Usomaji na Teknolojia katika Kipindi cha Maktaba

Mradi wangu wa kwanza wa teknolojia maktabani ulikula vipindi vitatu. Watoto wa darasa la nne walitengeneza slaidi za kumweleza mhusika wanayempenda kutoka kitabu walichokuwa wakisoma, na furaha ilikuwepo tele. Walibadilisha rangi, wakabadilisha mitindo ya herufi, wakaweka nyota zinazozunguka. Kipindi cha tatu nikapita meza kwa meza nikihesabu maneno. Slaidi nyingi zilikuwa na maneno kumi au kumi na mawili, mawili kati ya hayo yakiwa jina la mtoto mwenyewe. Na kitabu? Kwenye meza mbili kilikuwa kimegeuzwa kiegemeo cha kishikwambi.

Sikuwalaumu watoto. Niliwapa kazi ya kupamba, wakapamba. Tangu hapo kila mradi naupima kwa swali moja kabla sijaugusa: kifaa hiki kitamrudisha mtoto kwenye maandishi mara ngapi? Kama jibu ni mara moja, mradi huo ni wa somo la kompyuta. Uende huko, nao una heshima yake. Kama ni mara tano, sita, kumi, bila mwalimu kumkazia mtoto macho, huo ni wa maktaba.

Nitaeleza njia moja kwa kirefu, yaani kurekodi usomaji, kwa sababu ndiyo inayolipa kuliko zote na inataka vifaa vichache. Njia nyingine nimeziweka mwishoni, kwa ufupi.

Hatua ya 1: Chagua ukurasa kabla ya kuchagua programu

Mradi unaoanza na "tuna programu mpya, tuitumieje?" huishia kwenye programu. Anza na ukurasa mmoja: maneno 60 hadi 100 kwa darasa la pili na la tatu, hadi 150 kwa wakubwa wao. Usiogope ufupi huo. Kiswahili hubeba mengi ndani ya neno moja. "Hatukumwambia" ni sentensi nzima, na mtoto anayeisoma lazima avuke silabi sita bila kujikwaa. Ndiyo maana viwango vya "maneno kwa dakika" vilivyopangwa kwa lugha za maneno mafupi havifai kunakiliwa vilivyo.

Ukurasa unaofaa kurekodiwa una mhusika anayesema, una hali inayobadilika (mtu alikuwa anacheka, sasa anaogopa), na una angalau alama moja ya uandishi ambayo ikirukwa maana inaharibika. Kurasa za maelezo matupu huchosha sikio hata zikiwa zimeandikwa vizuri.

Neno moja kuhusu haki. Kusoma kitabu kwa sauti darasani ni jambo moja. Kukirekodi kitabu kizima cha mchapishaji na kukisambaza ni jingine. Ukitaka kazi za watoto zitoke nje ya kuta za maktaba, tumia hadithi walizotunga wenyewe au zenye leseni huria. Maktaba za mtandaoni African Storybook na StoryWeaver zina hadithi za Kiswahili chini ya leseni za Creative Commons. Leseni hizo hutofautiana: CC BY inaruhusu kunakili, kubadilisha na kusambaza mradi umtaje mtunzi, ikiongezwa NC, matumizi ya kibiashara hayaruhusiwi, ikiongezwa ND, huruhusiwi kusambaza toleo ulilolibadilisha. Waonyeshe watoto mahali leseni ilipoandikwa, kisha kila rekodi ianze kwa kutaja jina la hadithi, mtunzi na mchoraji. Ni sekunde tano tu, na hapo umeshafundisha hakimiliki bila kutoa hotuba.

Hatua ya 2: Panga watoto kulingana na vifaa ulivyonavyo

Kifaa kimoja kinatosha. Simu ya zamani isiyo na laini, yenye kinasa sauti kilichokuja nayo, inaweza kuhudumia darasa la watoto 40 ikiwa wengine wote wana kazi halisi ya kufanya wakati wanasubiri. Nakazia hilo "halisi". "Subirini zamu yenu mkisoma kimya" hudumu dakika tatu, halafu maktaba inageuka kiwanja.

Gawa darasa katika makundi ya wanne, na kila mmoja awe na kazi yake. Msomaji anasoma. Mfuatiliaji anapitisha kidole chini ya maneno kwenye nakala ya pili ya ukurasa, na kuweka nukta ya penseli panaporukwa neno. Mwendesha kifaa anaanzisha na kusimamisha rekodi, na kuipa faili jina. Mhesabu anachora kijiti kimoja kwenye karatasi kila ukurasa unaposomwa kuanzia juu hadi chini, hata kama ni mazoezi. Usimruke huyu wa mwisho kwa kudhani kazi yake ni ndogo. Vijiti vyake ndivyo tutakavyotumia kuupima mradi. Kazi zinazunguka, kwa hiyo kila mtoto anausoma ukurasa, kisha anausikia ukisomwa na wenzake watatu.

Kundi moja likiwa kwenye kona ya kurekodi, mengine yanatia alama za usomaji kwenye nakala zao (nitazieleza katika Hatua ya 4), yanaandika sentensi mbili za utangulizi wa rekodi, au yanatafuta rafuni kitabu kingine chenye jambo linalofanana na hadithi yao.

Chaji vifaa usiku uliotangulia na uviweke katika hali ya ndege. Nimeshasikia rekodi nzuri kuliko zote za muhula ikikatwa na mlio wa ujumbe kwenye neno la mwisho.

Hatua ya 3: Tengeneza kona ya kurekodi

Maktaba ina bahati ambayo madarasa hayana: rafu zilizojaa vitabu hupunguza mwangwi. Migongo ya vitabu haiko sawasawa, na karatasi hairudishi sauti kama ukuta mtupu. Weka meza ndogo kati ya rafu mbili zilizojaa, mbali na dirisha, mlango na feni, kisha tandika kitambaa kinene mezani.

Kifaa kikae kama shibiri moja kutoka mdomoni, kando kidogo, kisielekee mdomo moja kwa moja. La sivyo kila P na B itapiga kama mtu anayezima mshumaa. Mtoto asikishike mkononi, maana vidole vinavyosugua kava husikika kama mvua. Kiegemeze kwenye kitu chochote. Kitu ambacho si kitabu cha mradi, tafadhali.

Hatua ya 4: Vipindi vinne, rekodi tatu

Kipindi cha kwanza hakina kifaa. Watoto watalalamika, waache walalamike. Wasomee ukurasa kwa sauti mara mbili: mara ya kwanza vizuri, mara ya pili vibaya kabisa, bila kupumzika kwenye nukta, sauti ileile tangu mwanzo hadi mwisho. Waulize kilichoharibika ni nini. Watakwambia, tena kwa furaha, maana hakuna kinachowapendeza watoto kama kumsahihisha mwalimu.

Kisha toa nakala zilizochapwa kwa herufi kubwa na mistari iliyoachana, wazitie alama kwa penseli: mkwaju (/) mmoja pa kuvuta pumzi, mikwaju miwili wazo linapokwisha, mstari chini ya neno la kukaziwa, mshale wa kupanda mwishoni mwa swali. Huo mshale uchukulie kwa uzito. Katika Kiswahili taarifa na swali vinaweza kuwa na maneno yaleyale kwa mpangilio uleule: "Amekuja." "Amekuja?" Kinachotofautisha ni sauti peke yake, na mtoto asiyeitazama alama mwishoni mwa sentensi kabla ya kuianza atakuwa ameshachelewa. Wafundishe kuchungulia mbele. Jicho litangulie mdomo.

Kipindi cha pili ni rekodi ya kwanza. Usisahihishe chochote. Kundi likimaliza, lisikilize rekodi yake huku kila mtoto ameshika karatasi.

Hapa nieleze nilichokiona siku moja. Msichana wa darasa la tatu alikuwa na sentensi mbili ambazo kundi lake lilizitunga: "Paka alipanda darini. Hakushuka." Akazisoma kwa mkupuo mmoja, paka alipanda darini hakushuka, kama anayesoma orodha. Alipojisikiliza akakunja uso.

"Mwalimu, imeisha haraka."

"Kwa nini imeisha haraka?"

Akatazama karatasi. Kidole kikatembea, kikasimama kwenye nukta. "Hapa. Sikukaa hapa."

Akarekodi tena. Safari hii, baada ya "darini", alinyamaza, akainua macho kutazama dari ya maktaba kana kwamba paka yupo kweli, ndipo akasema "hakushuka" kwa sauti ya chini. Wenzake watatu nao wakatazama juu. Mhesabu akasahau kuchora kijiti.

Nukta ile nilikuwa nimeifundisha ubaoni muhula mzima.

Kipindi cha tatu ni rekodi ya pili na ya tatu. Weka kanuni: kila mtoto ana rekodi tatu tu, na kabla ya kurudia lazima aliambie kundi kitu kimoja atakachobadilisha. "Nitapunguza mwendo kwenye mstari wa tatu." "Bibi nitamfanyia sauti ya uchovu, kwa sababu imeandikwa ametembea siku nzima." Bila kanuni hii mtoto atarekodi mara kumi na mbili akilirudia kosa lilelile, au atabonyeza kitufe kwa raha ya kubonyeza. Na sharti la kutaja kitu kimoja ndilo linalomrudisha kwenye ukurasa, kwa sababu jibu limo humo, halimo kwenye kifaa. Rekodi ya kwanza isifutwe hata mtoto akikuomba, utaihitaji.

Kipindi cha nne ni kuchagua rekodi moja na kuikata vizuri. Wakubwa, kuanzia darasa la nne, wanaweza kutumia Audacity, programu ya bure ya kuhariri sauti inayofanya kazi kwenye Windows, Mac na Linux. Wafundishe mambo mawili pekee: kukata ukimya wa mwanzoni na mwishoni, na kuhifadhi faili. Lakini kabla ya kukata, wape dakika chache waitazame sauti yao kwenye skrini. Maneno ni vilima, na ukimya ni mstari bapa kati ya kilima na kilima. Waambie waweke karatasi yao yenye mikwaju kando ya skrini na kuilinganisha: hapa tulichora mikwaju miwili, je, mstari bapa upo? Watoto ambao kituo kikubwa kwao kilikuwa kidoa cha wino huanza kukiona kama kitu chenye urefu.

Mwangwi, sauti ya roboti, muziki wa nyuma: kando kwanza. Nilijaribu kuviruhusu mara moja, na zile nyota zinazozunguka zikarudi kupitia mlango wa nyuma. Ukiweza, tenga kipindi cha tano cha michezo hiyo, kama zawadi.

Hatua ya 5: Faili zipewe majina kabla hazijawa nyingi

Muhula mmoja nilitumia simu tatu kwa darasa moja. Kila simu ilizipa rekodi majina yake yenyewe: Rekodi 001, Rekodi 002, na kuendelea. Jioni nikazihamishia zote kwenye folda moja ya kompyuta. Kompyuta ikaniuliza kama nataka kubadilisha faili zilizopo zenye majina hayohayo. Nilikuwa nimechoka, nikabonyeza ndiyo. Mara mbili. Rekodi za simu ya mwisho ndizo zilizobaki, na asubuhi ilinibidi niwaeleze watoto wa makundi yaliyopotea kwa nini wanaanza upya.

Siku hizi mwendesha kifaa anaipa faili jina papo hapo, kabla msomaji hajainuka kitini: darasa, kundi, namba ya mtoto kwenye orodha, na rekodi ya ngapi. Kwa mfano 3B-k4-07-r1. Jina la mtoto halimo, kwa sababu ambazo nitazitaja baadaye.

Angalia pia ukubwa. Dakika moja ya sauti ya WAV (faili isiyobanwa) ya chaneli moja kwa ubora wa kawaida ni karibu megabaiti 5. Watoto 40 wenye rekodi tatu za dakika moja kila mmoja wanakaribia megabaiti 600. Zikihifadhiwa kama MP3, yaani faili iliyobanwa, ya kilobiti 64 kwa sekunde, ambayo kwa sauti ya kusoma inatosha kabisa, dakika moja inakuwa kama nusu megabaiti na darasa zima linaenea kwenye megabaiti 60. Flashi ya zamani kabisa itazibeba.

Hatua ya 6: Zirudishe rekodi kwenye rafu

Rekodi ikibaki kwenye folda ya mwalimu imekufa. Iweke pale kitabu kilipo, ili mtoto mwingine aisikie na akinyanyue kitabu.

Njia rahisi ni kituo cha kusikilizia: simu moja ya zamani, hedifoni, na orodha iliyobandikwa ukutani. Kitabu kina stika yenye namba 14 kwenye jalada la nyuma, na simu ina faili namba 14. Hakuna intaneti, hakuna nenosiri, na mtoto wa darasa la kwanza anaweza kujihudumia. Kanuni ya kituo hiki ni moja, na nimeiandika kwa herufi kubwa: ANAYESIKILIZA AMESHIKA KITABU.

Njia ya pili ni msimbo wa QR, kile kimraba cha vidoa vyeusi ambacho kampuni ya Denso Wave ya Japani ilikitoa mwaka 1994 kwa ajili ya kufuatilia vipuri vya magari. Watu wengi hudhani kimraba hicho lazima kikupeleke kwenye tovuti. Sivyo. Kinaweza kubeba maandishi yenyewe ndani yake, na kifaa chenye programu ya kuyasoma kitayaonyesha bila intaneti. Kwa maktaba hii ni neema: mtoto anaandika pendekezo la kitabu, linageuzwa kuwa msimbo, linachapwa na kubandikwa ndani ya jalada.

Kinadharia msimbo mmoja hubeba hadi baiti 2,953, karibu herufi elfu tatu, lakini ukijazwa hivyo vidoa vinakuwa vidogo mno na kamera ya simu hafifu inashindwa. Mimi nimeweka kikomo cha herufi 150, nafasi zikiwemo. Kikomo hicho kinafanya kazi ambayo nisingeweza kuifanya kwa kuwabembeleza. Mtoto anaandika "kitabu hiki ni kizuri sana nakipenda sana kwa sababu ni kizuri", anahesabu, anaona ametumia herufi 62 na hajasema kitu. Anafuta. Mmoja wa darasa la tano aliandika hivi baada ya kufuta mara nne: "Nilidhani mzee ni mbaya. Ukurasa wa 9 ulinifanya nirudi ukurasa wa 2 kuangalia tena." Kitabu hicho hakikukaa rafuni wiki mbili zilizofuata.

Mambo mawili ya kiufundi. Msimbo una viwango vinne vya kujirekebisha, kuanzia asilimia 7 hadi 30 ya eneo linaloweza kuharibika na bado usomeke. Kwa stika zitakazoshikwa na vidole vya watoto chagua cha juu. Na ukitumia tovuti ya kutengenezea misimbo, hakikisha unachukua msimbo tuli. Ile inayopitia kwanza kwenye tovuti ya mtengenezaji inaweza kuzimwa siku yoyote, nawe ukabaki na stika 80 zisizofungua kitu. Sauti haienei ndani ya msimbo; ukitaka msimbo ufungue rekodi, lazima rekodi iwekwe mahali kwenye mtandao, na hapo masuala ya ruhusa yanaanza.

Ruhusa

Sauti ya mtoto ni yake. Tuma barua kwa wazazi kabla ya kipindi cha kwanza, ukieleza nini kitarekodiwa, kitakaa wapi, nani atasikia, na kitafutwa lini. Tenganisha ruhusa mbili: ya kusikilizwa ndani ya shule, na ya kwenda nje ya shule. Mtoto ambaye mzazi wake hajaridhia apewe kazi ya heshima ileile, mathalani kuhariri au kuandika utangulizi, bila kutajwa mbele ya wenzake. Majina kamili yasisikike kwenye rekodi. Picha nazo zichunguzwe: simu nyingi huandika ndani ya picha mahali ilipopigwa, kwa hiyo zima huduma ya mahali kwenye kamera. Na huduma nyingi za mtandaoni haziruhusu mtoto wa chini ya miaka 13 kujifungulia akaunti peke yake. Pendelea programu zisizotaka akaunti kabisa.

Njia nyingine, kwa ufupi

Kuandika kwa sauti. Kibodi za simu nyingi hukubali kuandikiwa kwa kusemeshwa, Kiswahili kikiwemo. Mtoto asimulie kisa chake kwa dakika moja, kifaa kiandike, kisha uchape matokeo vilevile yalivyo. Yatakuwa hayana nukta, maneno mengine yameunganishwa, mengine yametenganishwa pasipofaa: "ana kula", "nime ona". Sasa mpe mtoto kalamu nyekundu. Nimewahi kuona watoto wanaochukia kusahihisha kazi zao wakiishambulia karatasi ya mashine kwa bidii ya ajabu, kwa sababu kosa la mashine halimwaibishi mtu. Fanya hivi kwenye kona tulivu, maana kelele za darasa zitakuletea mashairi ya ajabu, na jua kwamba mara nyingi huduma hii inahitaji intaneti.

ScratchJr. Ni programu ambayo mtoto hutunga nayo hadithi na michezo kwa kuunganisha vipande vya maagizo. Ilitoka mwaka 2014, ni ya bure, imelenga watoto wa miaka 5 hadi 7, na haitaki akaunti. Vipande vyake vya maagizo ni picha tupu, kwa hiyo hata asiyejua kusoma anaweza kuitumia, na hapo ndipo mtego ulipo: mtoto anaweza kuicheza saa nzima asisome neno. Dawa ni kutumia ukomo wake. Mradi mmoja hauzidi kurasa nne. Mwambie mtoto aisimulie hadithi nzima ndani ya kurasa hizo nne, akichora mpango kwenye karatasi iliyokunjwa mara mbili ikatoa vyumba vinne, na kila chumba kiwe na sentensi yake. Hafungui kifaa mpaka vyumba vyote vimejaa. Kuamua ni nini kitaachwa ndiko kufupisha habari, na watoto hubishana vikali juu ya hilo. Ndugu yake mkubwa, Scratch, ambayo ilitoka chuo cha MIT cha Marekani mwaka 2007 na imelenga miaka 8 hadi 16, ina menyu kwa Kiswahili, na huko kusoma hakukwepeki kwa kuwa maagizo yenyewe ni maneno.

Katuni za picha tuli. Zinapendeza, lakini piga hesabu kwanza. Katuni ya sekunde 30 kwa picha 12 kila sekunde ni picha 360. Hata ukishuka hadi picha 4 kwa sekunde ni 120, kila moja ikihitaji mtu asogeze kitu bila kuitikisa meza. Vipindi vitaliwa na kusogeza. Mimi naifanya mara moja kwa mwaka, kwa sababu watoto wanaipenda, na sijidanganyi kwamba ni siku ya kusoma.

Utafiti wa kitabu dhidi ya skrini. Huu ni mzuri kwa darasa la tano na kuendelea, na rafu ya 523 katika mpangilio wa Dewey (mfumo wa namba wa kupanga vitabu maktabani), palipo na vitabu vya sayari, inauwezesha kirahisi. Tafuta kitabu cha zamani na tovuti ya sasa. Swali: jua lina sayari ngapi? Kitabu kitasema tisa, skrini itasema nane. Usiwaeleze. Waulize wamwamini nani na kwa nini, kisha waonyeshe ukurasa wa nyuma ya jina la kitabu, ule ambao hakuna mtoto anayeusoma, wenye mwaka wa kuchapishwa. Agosti 2006 Umoja wa Kimataifa wa Wanaastronomia uliiweka Pluto katika kundi la sayari kibete. Kitabu hakikudanganya, kilichapwa kabla. Kuanzia siku hiyo utaona watoto wanafungua ukurasa ule wenyewe, na wengine watakuja kukushtakia vitabu vyako vingine vyote. Kisha wafanyie hivyohivyo upande wa skrini: ukurasa huu wa tovuti uliandikwa lini, na nani? Mara nyingi hawatapata jibu, nao watalalamika kwamba kitabu kiko wazi zaidi.

Programu za akili mnemba zinazotunga hadithi nzima kwa agizo moja nimeziacha nje ya miradi hii. Zinamfanyia mtoto ile kazi ambayo mradi uliundwa ili aifanye.

Kupima

Kusanya karatasi za vijiti. Kwenye mradi wa kurekodi, kundi la watoto wanne hufika kirahisi vijiti 20 kwa vipindi vinne, na ukurasa ni uleule. Linganisha na ukurasa uliosomwa kwa zamu darasani: kila mtoto mara moja, basi. Kundi lenye vijiti vichache usiliadhibu; kaa nalo uone ni wapi muda ulipotelea. Mara nyingi ni kwenye kifaa chenyewe, kitufe kisichoeleweka au chaji iliyokwisha, nawe unaweza kuirekebisha wiki ijayo.

Kisha sikiliza rekodi ya kwanza na ya tatu za kila mtoto, moja baada ya nyingine, na uandike mstari mmoja tu: nini kimebadilika. "Ameanza kusimama kwenye nukta." "Bado anakisia miisho ya maneno marefu." "Anatofautisha ng na ng' sasa." Kwa watoto 40 ni saa moja na nusu ya kazi, na utajua mambo ambayo daftari la mazoezi halikuonyeshi. Uzuri wa sauti, ujasiri, au ufundi wa kuhariri usivipe alama.

Mwisho wa mwaka, kabla ya kufuta faili kama ulivyowaahidi wazazi, mwite kila mtoto kwenye kona ya kurekodi kwa dakika mbili, umpe hedifoni na umchezee ile r1 aliyokuomba uifute. Wengi hufunika uso. Yule wa paka alisikiliza hadi mwisho, akavua hedifoni, akauliza kama karatasi ya hadithi bado ninayo.

Nilikuwa nayo. Andaa nakala za akiba, na uhakikishe simu ina chaji.